Goti lililosagika: mazoezi, kunyoosha mfupa, nusu goti au goti zima la bandia?

Mtu akishaambiwa kliniki kwamba goti lake limesagika, mjadala nyumbani huwa wa mambo mawili tu: apasuliwe au asipasuliwe. Wanaotaka apasuliwe wana mfano wa jirani aliyekwenda sokoni kwa miguu miezi mitatu baada ya kuwekewa goti bandia. Wanaokataa nao wana mfano wao, wa shangazi aliyepasuliwa na mpaka leo analalamika. Mifano yote ni ya kweli, na bado haimsaidii anayetakiwa kuamua, kwa sababu jirani na shangazi huenda walikuwa na magoti tofauti na maisha tofauti. Halafu njia zenyewe si mbili. Ni nne: kutibu bila kisu, kukata na kunyoosha mfupa wa muundi, kubadilisha nusu ya goti, na kubadilisha goti zima.

Kazi yangu ni mazoezi tiba. Nakutana na watu hawa kabla ya upasuaji, wakitafuta namna ya kuukwepa, na nakutana nao tena baadaye, bandeji ikiwa bado mguuni, wakijifunza kukunja goti upya. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: tiba ya goti ichaguliwe kwa kuangalia kazi ambazo mwenye goti anataka lifanye, pamoja na nani atakayekuwa naye wiki za mwanzo. Picha ya eksirei inafuata nyuma ya hayo.

Kwanza, ni ugonjwa gani?

Magoti mengi ya watu waliovuka miaka 50 yanauma kwa sababu gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, limelika. Maumivu huja taratibu kwa miaka, huzidi mtu anapopanda ngazi au kuinuka kitini, na asubuhi kiungo hukakamaa dakika chache kisha kikalegea. Hospitali wanaita osteoathraitisi. Ugonjwa mwingine ni rumatoidi athraitisi, ambapo kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe: vidole vya mikono navyo huvimba, na mkakamao wa asubuhi unaweza kuzidi nusu saa. Mwenye huu wa pili hapaswi kuanzia kwa mpasuaji. Anahitaji dawa za kutuliza kinga, methotrexati ikiwa ndiyo inayotangulia kwa wengi, na akiwahi kuzianza anaweza kuliokoa gegedu lake. Ikifika siku ya kubadilishiwa goti, atawekewa goti zima, kwa kuwa ugonjwa wake haubagui upande wa kiungo.

Kuna magoti mengine yanayoingizwa kwenye foleni hii kimakosa. Goti moja linalovimba kwa miezi kwa mtu anayekonda na kutokwa jasho usiku lichunguzwe kifua kikuu cha kiungo. Goti lililowaka moto ghafla ndani ya siku moja linaweza kuwa na jongo, au usaha, na usaha ni dharura. Kuweka chuma ndani ya kiungo chenye maambukizi ni kujitafutia balaa.

Ukienda kupiga eksirei, omba upigwe ukiwa umesimama. Goti likipigwa mtu akiwa amelala, nafasi kati ya mifupa huonekana kubwa kuliko ilivyo. Akisimama, uzito unaibana na ukweli unaonekana, pamoja na upande ulioliwa zaidi. Hilo la upande litakuwa na maana kubwa huko mbele.

Bila kisu: njia inayodharauliwa

Wengi wanaosema "nimejaribu mazoezi hayakusaidia" walionyeshwa mara moja, wakapewa karatasi, wakarudi nyumbani. Hayo si matibabu. Mazoezi yanayosaidia goti yanafanywa angalau wiki 12, yanaongezwa uzito kadiri misuli inavyopata nguvu, na mwanzoni yanauma kidogo.

La kuanzia ni hili. Kaa kwenye kiti kigumu, mgongo umenyooka. Nyoosha mguu mmoja mpaka goti likaze kabisa, vidole vya mguu vikielekea kwako, shikilia ukihesabu mpaka tano, kisha ushushe polepole. Kumi kila mguu, pumzika, rudia mara tatu. La pili ni kuinuka kwenye kiti hichohicho bila kujisukuma kwa mikono. Asiyeweza aweke mto juu ya kiti apate urefu, na kila baada ya wiki kadhaa apunguze unene wa mto huo. Msuli wa mbele wa paja ndio unaopokea mshtuko wa kila hatua. Ukilegea, mzigo wote unaangukia mfupa.

Uzito nao una hesabu yake. Watafiti wa Marekani waliopima mwendo wa wazee wenye magoti yaliyosagika waliona kwamba kila kilo moja mtu anayopungua humwondolea goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua. Mama aliyepungua kilo tano ameliondolea goti lake mzigo wa kilo ishirini, hatua baada ya hatua, kutwa nzima. Na fimbo ishikwe mkono wa upande wa pili: goti bovu la kulia, fimbo mkono wa kushoto. Karibu kila anayejinunulia fimbo huishika upande usiofaa.

Dawa zina nafasi ndogo kuliko tunavyozipa. Diklofenaki ya kupaka haina madhara mengi na kwenye goti inafanya kazi kweli. Ya vidonge, ikimezwa kila siku miezi nenda rudi, inachoma tumbo, inaumiza figo na kupandisha presha, na wagonjwa wetu wengi wa magoti tayari wana presha. Dawa za chupa zisizo na jina zinazotuliza maumivu siku hiyohiyo nazihofia zaidi, maana nyingine hukutwa zimechanganywa na steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe.

Kuhusu sindano za ndani ya goti, sindano ya steroidi hupunguza maumivu kwa wiki kadhaa. Mtu mwenye safari ya Hija au harusi ya mwanawe anaweza kuitumia mara moja na ikamfaa. Kuirudia kila mara ni jambo lingine: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 uliwafuatilia watu 140 waliochomwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, baadhi steroidi na baadhi maji ya chumvi. Maumivu yalilingana, ila gegedu la waliochomwa steroidi lilipungua zaidi. Sindano za damu ya mtu mwenyewe, zile za plazima zinazotangazwa sana siku hizi, zilipimwa Australia kwa watu 288, na matokeo yaliyotoka mwaka 2021 hayakuonyesha tofauti ya maana na maji ya chumvi. Kwa fedha zinazotozwa, mimi siwezi kumshauri mtu azitoe.

Kusafisha goti kwa kamera nako kumepitwa na wakati kwa ugonjwa huu. Mwaka 2002 madaktari wa Houston walitoa matokeo ya wagonjwa 180, ambapo baadhi yao walichanjwa ngozi tu bila kusafishwa chochote ndani. Waliosafishwa hawakupata nafuu kuliko waliochanjwa.

Kukata na kunyoosha muundi

Hii ni njia ambayo wagonjwa wengi hawajawahi kuisikia, na inamfaa mtu ambaye goti bandia halimfai sana: aliye chini ya miaka 60 hivi, mwenye kazi za nguvu, mwenye matege, ambaye goti lake limeliwa upande wa ndani tu. Mpasuaji hakigusi kiungo chenyewe. Anakata mfupa wa muundi chini kidogo ya goti, anaunyoosha ili uzito uhamie upande wa nje ulio mzima, kisha anaufunga kwa bamba la chuma na skrubu. Mfupa unaunga kama unavyounga baada ya kuvunjika.

Faida yake ni kwamba goti linabaki la kuzaliwa. Mtu anaweza kuchuchumaa, kulima, kubeba mizigo. Gharama yake ni subira: wiki sita hivi za magongo, na miezi mitatu au zaidi kabla ya kurudi kwenye kazi nzito. Mvutaji sigara aache kabla, kwa sababu moshi unachelewesha mfupa kuunga. Wengi hupata kama miaka kumi ya nafuu, wengine zaidi, na goti la bandia bado linawezekana baadaye. Fundi ujenzi wa miaka 45 mwenye matege aulizie njia hii kwa jina kabla ya kukubali nyingine yoyote.

Nusu goti na goti zima

Watu wanapofikiria kubadilishiwa goti huona mguu unakatwa, goti zima linatolewa na jingine linawekwa. Sivyo. Kinachofanyika kinakaribia zaidi kuvika jino bovu kofia. Mpasuaji anachonga juu juu ncha ya mfupa wa paja na ncha ya muundi, milimita 8 hadi 10 hivi, halafu anavika juu yake vipande vya chuma, kwa kawaida mchanganyiko wa kobalti na kromu, na titani. Katikati huwekwa plastiki ngumu inayochukua nafasi ya gegedu. Vipande hubanwa kwa saruji maalumu ya mifupa. Pia ya goti wakati mwingine huvishwa plastiki kwa nyuma, wakati mwingine huachwa. Kazi nzima huchukua saa moja hadi mbili, mara nyingi kwa ganzi ya mgongo, mgonjwa akiwa anapumua mwenyewe.

Jaribio la zamani kabisa la goti bandia lilifanywa Berlin mwaka 1890 na Themistocles Gluck kwa kutumia pembe za ndovu. Goti la aina tunayoitumia leo lilianza New York mwaka 1974. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba hili ni jaribio jipya ajue kwamba limetumika zaidi ya nusu karne.

Katika nusu goti, upande ulioliwa peke yake ndio unaovishwa, mara nyingi wa ndani. Kano zote za mtu zinabaki, jeraha ni dogo, damu inayopotea ni kidogo, na kwa kuwa kano ni zake mwenyewe, wengi huhisi goti ni lao. Lakini masharti ni makali: upande wa pili uwe mzima, kano ya mbele ya ndani ya goti isiwe imekatika, goti liwe bado linanyooka karibu kabisa, na ugonjwa usiwe rumatoidi.

Swali la lipi bora lilipimwa Uingereza kwa watu 528 waliofaa kupata lolote kati ya hayo mawili. Matokeo ya miaka mitano, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha nafuu inayolingana, na nusu goti liligharimu pungufu kidogo kuliko goti zima. Ila wale walifanyiwa na madaktari waliozoea. Nusu goti halisamehe mkono mgeni, na kwetu madaktari wanaolifanya mara kwa mara ni wachache. Ukiambiwa unafaa kwa nusu goti, uliza daktari huyo hufanya mangapi kwa mwaka. Akisita kujibu, goti zima kwenye mkono uliozoea ni salama zaidi.

Upasuaji ukilinganishwa na mazoezi

Utafiti ninaourudia kila mara ni wa Denmark, uliochapishwa mwaka 2015. Watu 100 ambao wote walistahili goti zima waligawanywa nusu kwa nusu. Kundi moja lilipasuliwa kisha likapewa programu ya wiki 12 ya mazoezi, elimu, ushauri wa kupunguza uzito, soli za kuweka viatuni na dawa za maumivu. Kundi la pili lilipewa programu hiyohiyo bila kupasuliwa. Baada ya mwaka mmoja, kwenye kipimo cha alama 100 cha maumivu na shughuli za kila siku, waliopasuliwa walikuwa wamepanda wastani wa alama 32 hivi, na wasiopasuliwa 16.

Upasuaji ulishinda waziwazi, na anayesema mazoezi ni sawa na goti jipya hasemi kweli. Lakini matukio mabaya makubwa yalikuwa 24 kwa waliopasuliwa na 6 kwa wenzao. Na karibu robo tatu ya kundi la pili walimaliza mwaka bila kuomba kupasuliwa, ingawa wote walishafikia hatua hiyo. Kwa hiyo wiki 12 za mazoezi ya kweli zitangulie kwa karibu kila mtu. Zikifaulu, mtu amepata muda. Zisipofaulu, anaingia chumba cha upasuaji akiwa na paja lenye nguvu, na huyo hupona haraka kuliko aliyekaa kitandani akingoja tarehe.

Chooni, kwenye mkeka na shambani

Hapa ndipo wagonjwa wetu wanapoumizwa na ukimya wa vipeperushi vilivyoandikiwa watu wanaoishi juu ya viti. Kukaa kitini kunahitaji goti likunje nyuzi 90 hivi. Goti zima la bandia likikaa vizuri hufika 110 hadi 120. Kuchuchumaa chooni kunataka zaidi ya 130, na kukalia visigino kwenye sala kunazidi hapo. Wapo wanaofika, lakini anayeamua asihesabu kwamba atakuwa mmoja wao. Kinachotabiri zaidi goti jipya litakunja kiasi gani ni goti la zamani lilikuwa likikunja kiasi gani, na ndiyo sababu nyingine ya kufanya mazoezi kabla.

Maana yake ni kwamba aliyewekewa goti zima apange kutumia choo cha kukaa siku zote. Kama nyumbani kuna cha kuchuchumaa, fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu kikawekwa juu yake, na kifanyike kabla ya upasuaji. Muislamu atasali kwenye kiti akiinamisha kichwa, na dini imempa mgonjwa ruhusa hiyo; mzee mmoja aliniambia hilo ndilo lililomchelewesha miaka minne, mpaka imamu wa msikiti wake alipomweleza. Kupiga magoti kanisani hakukatazwi na daktari, ila wengi hawakuwezi kwa raha, na sehemu ya ngozi upande wa nje wa kovu hubaki na ganzi. Kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi, au kwenye kigoda kidogo mbele ya jiko la mkaa, kutakuwa shida. Jiko lipandishwe juu ya meza.

Kutembea, kupanda daladala, kuogelea na kuendesha baiskeli vinawezekana na vinashauriwa. Kukimbia, kuruka na kubeba magunia havimfai mwenye goti zima. Palizi ya kuchuchumaa nayo aiache. Jembe la mpini mrefu ataliweza.

Nusu goti kwa kawaida hukunja zaidi kuliko goti zima. Muundi ulionyooshwa hauna kizuizi hiki kabisa. Mkulima au fundi mwenye miaka 50 na ambaye anafaa kwa njia hizo mbili ana sababu nzito ya kuziangalia kabla ya goti zima.

Litadumu muda gani, na nini kinaweza kuharibika

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliotumia rejista za Australia na Finland, ulionyesha kwamba katika magoti mazima 100, kama 82 bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Nusu goti ni 70 hivi. Umri unaibadilisha hesabu hii. Takwimu za Uingereza za mwaka 2017 zilionyesha kwamba aliyewekewa goti zima akiwa amevuka miaka 70 ana uwezekano wa asilimia 5 tu wa kurudiwa upasuaji maishani mwake, ilhali mwanamume aliyewekewa mwanzoni mwa miaka ya 50 uwezekano wake unafika asilimia 35. Na kurudia ni upasuaji mgumu zaidi, ghali zaidi, wenye matokeo duni kuliko wa kwanza.

Hatari kubwa ninayowaambia watu waiogope ni usaha ndani ya goti. Huwapata mmoja au wawili kati ya mia. Ni wachache, lakini anayeangukia humo anaweza kutolewa vyuma vyote, akakaa wiki kadhaa na dawa, kisha akapasuliwa tena. Mwenye kisukari ateremshe sukari kwanza, meno mabovu yatibiwe kabla, vidonda vya miguuni vipone, na aliyechomwa sindano ya steroidi gotini asubiri miezi mitatu. Hospitali inayomwahirisha mtu kwa sababu ya sukari inamtendea wema, hata kama nauli ya kutoka mkoani imeliwa.

Damu kuganda kwenye mishipa ya mguu ni hatari ya pili. Ndiyo maana utapewa dawa ya kuzuia na utaambiwa uchezeshe vifundo vya miguu tangu siku ya kwanza. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, ni kukimbia hospitali saa hiyohiyo.

Tena, kati ya watu watano waliowekewa goti zima, mmoja hivi haridhiki hata kama picha ni nzuri na jeraha limepona. Mara nyingi ni yule ambaye goti lake halikuwa limeharibika sana, au aliyetegemea litamrudishia ujana. Shangazi yule wa mwanzo inawezekana yumo humo.

Wiki za mwanzo, na nani yupo nyumbani

Goti zima linauma sana wiki mbili za kwanza. Liseme hilo kwa mgonjwa kabla, asije akadhani limeharibika. Siku ya upasuaji au kesho yake anasimamishwa. Atatembelea fremu au magongo kwa wiki nne hadi sita, na uvimbe utakuwa ukija na kuondoka kwa miezi kadhaa. Nafuu inaendelea kuongezeka mpaka mwaka.

Katika kipindi hiki kosa ninalolikuta nyumba baada ya nyumba linafanywa kwa upendo. Mgonjwa amelala, mguu unamuuma, binti anakunja khanga au analeta mto na kuuweka chini ya goti ili apumzike. Goti likilala limekunjwa hivyo wiki tatu, linakataa kunyooka, na mtu atachechemea na chuma chake cha thamani. Mto au taulo iliyoviringishwa iwekwe chini ya kisigino, goti likining'inia bila kitu chini yake, dakika kumi kwa awamu, mara kadhaa kwa siku. Litauma. Liache lishuke lenyewe.

Anayeishi peke yake, anayechota maji kisimani, au mwenye nyumba ya ngazi bila reli, apange nani atakaa naye angalau wiki sita. Kama mtu huyo hayupo, hii si sababu ya kukata tamaa, ni sababu ya kusogeza tarehe mpaka apatikane. Mikeka na mabusati yaondolewe sakafuni, kitanda kipandishwe kwa matofali.

Wapi, na bili ina nini ndani yake

Magoti ya bandia yanawekwa hapahapa kwetu: taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, hospitali za Kikuyu na Kijabe nchini Kenya, hospitali ya CoRSU huko Kisubi Uganda, na kwingineko. Wanaokwenda India hupata madaktari waliozoea sana, ila ratiba huwa fupi na mazoezi hukatika mtu anapopanda ndege. Safari ndefu ya ndege wiki za mwanzo huongeza hatari ya damu kuganda, na goti likianza kuvimba mwezi wa tatu, aliyelipasua yuko ng'ambo ya bahari. Anayeamua kwenda atenge siku za kutosha huko, na akipata mtaalamu wa mazoezi tiba wa kumpokea nyumbani kabla ya kuondoka itakuwa vizuri.

Popote utakapofanyiwa, usilinganishe bei kwa jumla. Uliza kama kifaa chenyewe kimo, maana mara nyingi ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya bili, na bima inaweza kulipa upasuaji ikaacha kifaa. Uliza siku za wodi, dawa za kuzuia damu kuganda, na vipindi vya mazoezi baada ya kutoka. Kisha omba stika za kifaa, zile zenye jina la mtengenezaji, saizi na namba, uzibandike kwenye daftari lako la matibabu. Goti likihitaji marekebisho baada ya miaka 15, daktari wa wakati huo atahitaji stika hizo kuliko barua yoyote.

Ningemwambia nani nini

Mwenye miaka 40 na kitu au 50 na kitu, ambaye bado anafanya kazi: mazoezi na uzito kwanza, na kama ana matege aulizie kunyoosha muundi. Goti zima kwake liwe la mwisho. Mwenye miaka 60 na kuendelea aliyeliwa upande mmoja tu, na amempata daktari mwenye mazoea, nusu goti. Mwenye rumatoidi atulize ugonjwa kwa dawa, na goti likishaharibika pande zote abadilishiwe zima bila kuogopeshwa.

Wenye magoti yote mawili mabovu huuliza kama yafanyike siku moja. Kwa mtu mwenye nguvu na moyo mzima inawezekana, lakini wengi wetu tuna presha au sukari, na kwao napendelea moja kwanza, baya zaidi, la pili baada ya miezi kadhaa.

Kisha kuna mtu ambaye familia inamwambia "ngoja ngoja" wakati muda wake wa kungoja umekwisha. Ni mzee wa miaka 70 au zaidi anayeamshwa na maumivu usiku, aliyeacha kwenda msikitini au kanisani kwa sababu ya goti, ambaye mazoezi ameyafanya kwa dhati na dawa zimeanza kumuumiza tumbo. Umri wake unampa nafasi nzuri ya kutorudiwa upasuaji, na kila mwezi anaokaa kitandani unampunguzia paja na moyo wa kupona. Goti lililobaki limekunjwa kwa miaka pia ni gumu zaidi kunyooshwa mezani. Mtafutieni rufaa ya kliniki ya mifupa mwezi huu, na wakati anasubiri kuitwa, aendelee na ile kumi mara tatu ya kunyoosha mguu kitini.